Mechi Tatu Ugenini Kinanira

Jumanne, 3 Juni

Kola nne, suruali mbili za shule, gauni moja la harusi lenye kiuno kisichotaka kukubali. Uzi mweusi umeisha, embago haijaisha, mipaka bado imefungwa. Nguo nyeusi nazishona kwa uzi wa bluu na wateja nawaambia ndiyo mtindo. Wanakubali. Siku hizi watu wanakubali chochote.

Eda yangu ilimalizika wiki iliyopita. Miezi minne na siku kumi. Tangu hapo nimetoka mara tatu: sokoni, kwa mama, sokoni tena. Watu wa mtaa wetu wa Jabe wananisalimia kwa sauti ya chini utadhani na mimi nimezikwa. Mume wangu Hamisi aliuawa na presha, katikati ya mfungo, akiwa anamenya ndizi za futari. Si risasi, si grenedi. Kila anayeuliza akisikia jibu anakaa kama mtu aliyepunjwa.

Leo imekuja barua kutoka Kinanira. Ya Mzee Deo, rafiki wa Hamisi. Mwandiko wa ofisini kabisa, muhuri tu ndio uliokosekana. Anasema walisubiri eda iishe, kwa heshima. Sasa wakati umefika wa kuzungumzia timu ya marehemu. Kanuni ya kumi na nne: timu isiyo na mwenyewe huvunjwa, na wachezaji wake hugawanywa kwa timu nyingine.

Niliisoma mara mbili, nikaiweka chini ya makalio, nikaendelea na gauni.

Jumatano, 4 Juni

Hasira imeumuka usiku kucha kama unga wa maandazi. Acha niandike mambo yalivyo, nijue ninagombania nini.

Hamisi alikuwa mpishi wa Wazungu huko Kinanira. Mwaka wa tisini na tatu, mambo yalipoharibika, walipanda ndege wakamwachia funguo, paka na boksi la mchezo. Paka alitoroka siku ya pili. Boksi lilikuwa la bezboli ya mezani: dadu, kadi za wachezaji, na kitabu cha sheria cha Kiingereza. Jirani yao alikuwa Mzee Deo, karani wa wizara, mwenye kamusi nene. Wakakaa miezi mitatu wakitafsiri, huyu na tasbihi yake, yule na rozari yake, nje bunduki zinalia. Kadi za Wazungu wakazitupa, wakatengeneza za kwao. Hamisi akaunda timu ya Jabe, Mzee Deo akaunda Kinanira. Marafiki wawili wakaunda Rohero na Buyenzi. Miaka mitatu sasa wanaendesha ligi ya mchezo ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuona kwa macho. Niliwacheka wakati ule na ninawacheka mpaka leo.

Dadu Hamisi alizikataa, dini haitaki. Akaja kwangu kuomba vifungo. Nikampa kumi na viwili vyeusi, vya makoti mbalimbali. Nikamshonea na vifuko viwili. Vifungo sita huku, sita kule, akavipaka namba kwa rangi yangu ya kucha. Unachomoa kimoja kila kifuko, unasoma kadi ya mpigaji. Ama amepiga, ama ametoka. Akipiga anakimbia vituo, na akivizunguka vyote akarudi nyumbani ni pointi moja. Wakitoka watatu, zamu inahamia kwa mwenzako. Zamu tisa kila upande. Mgeni huanza. Hiyo kanuni niliipenda tangu mwanzo, maana hata kunawa mikono mgeni huanza.

Kanuni nyingine ilitushinda sote. Kitabu kilisema mvua ikizidi mchezo husimama, na kama zamu tano zimeshapita, aliye mbele ndiye mshindi. Watu wanacheza sebuleni, mvua inawahusu nini? Mzee Deo akafuta "mvua", akaandika "risasi". Wakaona sasa sheria ina akili.

Timu ya Jabe ni kadi tisa za katoni ya sabuni. Kiroboto, mwizi wa vituo, anayechomoka kwenda cha mbele kabla mpira haujapigwa. Ngoma Nzito, ambaye akipata sita mbili mpira hauonekani tena. Mama Mkwe, mrushaji wa mpira, hapigiki kirahisi. Na wa mwisho, Shikamoo, ambaye hajapiga kitu tangu azaliwe. Nyuma ya kila kadi Hamisi ameandika kila mechi, miaka mitatu, kwa zile herufi zake zinazolala upande. Hakuacha barua. Hakuwa mtu wa barua. Mwandiko wake uko kwenye kadi hizo na sahihi moja kwenye cheti cha ndoa. Sasa wanataka kuja kuzigawana.

Kibaya zaidi, kanuni ya kumi na nne aliiandika mwenyewe. Mwenye timu ya kwanza ya Buyenzi alikimbilia Kigoma, na Hamisi akapata Ngoma Nzito kwenye mgawo. Alirudi nyumbani akiimba. Mpumbavu wangu.

Lakini iko ya kumi na tano. Mrithi anaweza kuichukua timu, akiiongoza mwenyewe ugenini katika mechi tatu na kushinda mbili.

Nimejibu barua kwa maneno matatu. Nakuja Jumamosi. Zaituni.

Alhamisi, 5 Juni

Wifi Asha amekuja na mdomo wake.

"Mujane anatoka eda juzi, leo anaenda kucheza kwa wanaume? Kinanira kote kule, na basoda kwa barabara?"

Nikamwambia kaka yake aliwapita askari hao hao kila Jumamosi na hakumwambia neno. Akasema kaka yake alikuwa mwanaume. Nikamwambia presha haikulijua hilo. Ameondoka bila kumaliza chai. Najisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Jumamosi, 7 Juni

Nimeshindwa. Mbili kwa tisa. Niandike haraka niumalize uchungu.

Petroli hakuna, kwa hiyo miguu. Rohero yote nimeivuka kwenye jua la saa sita, mpaka daraja la Muha. Hapo pana bariyeri, kizuizi cha jeshi. Soda mmoja, askari kijana, akafungua kikapu changu, akakuta kadi. Majina tisa, namba mbele, namba nyuma. Uso ukambadilika.

"Hawa ni watu gani? Biko wapi?"

Nikasema hawako popote. Jibu baya. Nimekalishwa kwenye tofali saa nzima wakati mkubwa wake anasoma kadi moja moja. "Kiroboto. Ameiba mara tatu Rohero." Akaniangalia. Nikamweleza bezboli kwa mikono, nikiwa nimekalia tofali, mjane wa miaka arobaini na tatu, napiga mpira usiokuwepo kwa rungu lisilokuwepo. Mwisho alicheka, akanirudishia zote tisa. Nilizihesabu mbele yake kwa makusudi.

Nimefika kwa Mzee Deo natetemeka kwa hasira. Nyumba yao iko pale pale mlimani, ua wa maua, viti vya vitambaa. Mama Conso, mkewe, alinikumbatia akalia. Sikulia. Nilikuja kufanya kazi. Nikaketi, nikaanza, kama mgeni anavyoanza. Mikono ilikuwa haitulii, nikachomoa moja na moja, mbili na moja, moja na tatu. Takataka. Kiroboto hakufika hata kituo cha kwanza. Mzee Deo anacheza kwa miwani, kwa utaratibu, na kila pointi anaiandika kwa rula.

Kwa zamu ya nane akasema tunaweza kupumzika. Nikasema hatupumziki. Zamu ya tisa Mama Mkwe alipigwa kama ngoma ya harusi.

Sasa lazima nishinde zote mbili zilizobaki. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wanasema. Basi nimekubali, nimeshindwa moja.

Jumatano, 11 Juni

Kuna jambo.

Leo nilikuwa nashona vifungo kwenye koti la mwalimu. Macho yalikuwa dirishani, kulikuwa na ugomvi wa majirani. Mkono ukaingia kwenye kopo ukatoa kifungo kinacholingana na vingine, bila kuangalia. Kila mara. Ni miaka ishirini ya ufundi, sioni ajabu.

Halafu nikaliweka koti chini.

Nikachukua vifuko vya Hamisi. Nikafumba macho, nikaingiza vidole. Sita ya kifuko cha kwanza ilitoka kwenye koti la Mzungu mmoja wa wale wa Hamisi, ukingo wake umelika kidogo upande mmoja. Sita ya kifuko cha pili matundu yake yako karibu karibu kuliko wenzake. Mtu mwingine hawezi kujua hata akivilamba. Mimi nilizitoa sita zote mbili mara tano mfululizo.

Ndiyo maana Hamisi hakunipa hata siku moja nichomoe. Nilidhani ni wivu wa mchezo. Nilimnunia kwa hilo, miaka mitatu.

Jumamosi iliyopita mikono ilitetemeka, vidole havikusikia kitu. Jumamosi hii sijui.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeshinda. Saba kwa tatu.

Bariyeri leo hawakunichelewesha. Yule mkubwa aliniona akauliza Kiroboto hajambo. Nikasema hajambo, leo ataiba zaidi.

Sikutetemeka. Mama Conso aliweka chai na biskuti, Mzee Deo akanoa penseli. Nilijiambia sitafanya. Zamu tatu za kwanza sikufanya, na tulikuwa moja kwa tatu, nyuma. Kwa zamu ya nne wachezaji wangu wawili wakawa vituoni na Ngoma Nzito akaja kupiga. Vidole vikaingia, vikaikuta sita. Sikuiacha. Sita na sita. Pointi tatu kwa mpigo.

Nimefanya mara tatu. Si zaidi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwandikia.

Mzee Deo aliandika matokeo kwa rula, akanipongeza kwa Kifaransa, "Félicitations, Mama Sada." Sada ni binti yangu, ameolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Nilitaka kumpigia simu nimwambie mama yake ameshinda Kinanira. Nikakumbuka laini haziendi huko. Nikafurahi haziendi.

Jumapili, 15 Juni

Sina raha.

Najitetea toka asubuhi. Vifungo ni vyangu. Vidole ni vyangu. Timu ni yangu. Vita imewaibia watu nyumba, shamba, watoto, na mimi ndiye nihesabiwe vifungo vitatu? Nikajibu mwenyewe kwa sauti, jikoni, mpaka jirani akauliza naongea na nani.

Tatizo ni kwamba nimegeuza kadi ya Ngoma Nzito niandike matokeo ya jana, chini ya mwandiko wake. Kalamu ikagoma. Herufi zile zote za kulala, mechi kwa mechi, nyingi ni za kushindwa. Jabe ilimaliza ya tatu kati ya nne mwaka jana. Ya mwisho mwaka juzi. Mtu huyu alikuwa na mke anayeweza kumtolea sita mbili kila siku, na akakubali kuwa wa mwisho.

Sijaandika kitu kwenye kadi.

Alhamisi, 19 Juni

Tangu Jumanne milio inasikika upande wa kusini, mizito. Wanasema ni juu ya Kanyosha. Wanasema Musaga watu wamelala kanisani. Wanasema mengi.

Wifi Asha amerudi. Safari hii hakugomba. Ameomba tu nisiende. Amesema hawezi kuzika wawili mwaka mmoja. Hapo nililia, mara ya kwanza tangu eda iishe. Halafu nikamwambia naenda. Akaniita mkaidi. Nikamwambia apange foleni, si wa kwanza kusema hivyo.

Nimekata vitambaa vitano vyembamba vya kanga.

Jumamosi, 21 Juni

Acha niandike kwa mpangilio, mkono bado una moto.

Nimefika saa saba na nusu. Mlangoni Mzee Deo akanitania.

"Mugeni siku mbili, Mama Sada. Ya tatu munajua."

Nikamwambia alete hilo jembe.

Tukakaa. Nikatoa vitambaa vyangu, nikafunga vidole vyote vitano vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, mpaka kwenye ncha. Nikasema vinaniuma kwa sindano. Mzee Deo aliangalia vidole, akaangalia daftari lake, akafungua ukurasa. Nimelikumbuka hilo baadaye.

Mechi ilikuwa tamu. Sijawahi kufikiri nitaandika neno hilo. Sikujua kitu, nilikuwa nachomoa kama mtu yeyote, na kila kifungo kilikuja na habari yake. Zamu ya pili Kiroboto akapiga, akaiba kituo, akaiba kingine, akarudi nyumbani. Nikapiga meza kwa furaha, chai ikamwagika. Mzee Deo akasawazisha. Nikampita. Akasawazisha. Mwisho wa zamu ya sita, Jabe tano, Kinanira nne.

Hapo ndipo ikaanza. Kwanza moja, mbali. Halafu nyingi, karibu, mlimani juu yetu. Vioo vikatetemeka. Mama Conso hakupiga hata kelele. Alituvuta kwenye koridoo, pasipo na dirisha, pana godoro limeegemezwa ukutani siku zote. Mzee Deo alitoka na daftari, mimi nimekumbatia kadi na vifuko. Tukakaa chini, magoti yamegusana.

Akavaa miwani. Akafungua ukurasa. Akasoma kanuni kwa sauti ya mahakamani, milio inamkatiza.

"Risasi zimesikika, zamu zaidi ya tano zimepita. Jabe iko mbele. Jabe imeshinda. Règlement ni règlement, kanuni ni kanuni. Timu ni yako, Mama Sada."

Akanyosha mkono anipe pongezi.

Nilikuwa nayo. Naandika ili nisijidanganye kesho: nilikuwa nayo mkononi. Kadi tisa, mwandiko wote, kwa haki ya daftari, hakuna mtu hata mmoja wa kubisha. Kitu kilichokuwa kinalia kule nje kimenichukulia majirani, kimenichukulia safari ya kumwona Sada, kimenichukulia uzi mweusi. Na sasa kilikuwa kinanipa zawadi.

"Apana," nikasema. "Tunaendelea."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Mama Conso pia. Nikawaambia. Nilisema yote, pale chini, haraka haraka: kwamba vidole vyangu vinavijua vifungo, kwamba mechi ya pili niliiba, mara tatu, sita na sita. Nikasema moja nimeipata kwa wizi, nyingine nipewe na bunduki, sasa mimi nimeshinda nini?

Mzee Deo alivua miwani akaifuta.

"Minajua," akasema. "Hamisi alinambia zamani. Alisema, Deo, siku moja nikifa, bibi yangu akigusa vile vifungo, umekwisha. Mi nikaona umepata sita mara tatu. Nikanyamaza. We ni mujane."

Nimewahi kukasirika maishani. Nilimkasirikia mwenye nyumba, nilimkasirikia Hamisi kwa kufa. Hasira ya leo ilikuwa nyingine. Nilimwambia Mzee Deo, mtu mzima, baba wa watu, ndani ya nyumba yake, kwamba ujane wangu si maradhi na sikuvuka bariyeri tatu Jumamosi tatu ili nionewe huruma. Nikamwambia kama ataniachia hata kifungo kimoja nitamwaga vyote chooni. Mama Conso akaanza kucheka huku anashika rozari. Akacheka mpaka akashika mbavu. Juu yetu kitu kikubwa kikapasuka, vumbi la dari likatuangukia kwenye nywele, na yeye anacheka.

"Mucheze basi," akasema. "Heri ile kuliko kuhesabu bombe."

Tulicheza juu ya sakafu ya simenti. Zamu ya saba, hakuna kitu kwake, hakuna kitu kwangu. Zamu ya nane akapata moja. Tano kwa tano. Tulikuwa tunapiga kelele ili tusikilizane. Mzee Deo aliandika kwa rula mpaka mwisho, ameilaza juu ya goti.

Zamu ya tisa, nikaanza. Kiroboto akafika kituo cha tatu, amebakiza nyumbani tu. Lakini wawili wameshatoka. Na anayefuata kupiga ni Shikamoo. Kadi ya Shikamoo ina mstari mmoja tu wa maana, sita na sita. Hamisi aliiandika hivyo kwa utani wake.

Nikaingiza mkono kwenye kifuko cha kwanza. Kitambaa cha kidole cha shahada kilikuwa kimelegea, sijui saa ngapi. Nikaikuta. Ukingo ulioliwa, wa koti la Mzungu. Nilikuwa nimeishika, na milio inaendelea, na hakuna aliyekuwa anaangalia mkono wangu ila Mungu.

Nikaiachia. Halafu nikaona kwamba hata kuiachia ni kuchagua. Nikatoa mkono mtupu, nikatikisa vifuko vyote viwili, nikampa Mama Conso. Nikamwambia achomoe yeye.

Alifumba macho akanong'ona Salamu Maria nzima. Mbili na tano. Shikamoo ametoka.

Mzee Deo akapiga wa mwisho. Alihitaji pointi moja, akaipata kwa mpigaji wake wa pili. Sita kwa tano. Hakushangilia. Aliweka penseli chini, akanipa mkono, na safari hii niliupokea.

Milio ilitulia kwenye saa kumi. Alinisindikiza mpaka darajani, na nilikuwa nyumbani kabla ya kuvrefe, saa ya kutotoka nje. Hatukuongea njiani ila mara moja. Alisema angeweza kuandika kwamba ilisimama zamu ya sita. Nikamwambia athubutu.

Nimepoteza timu. Sijutii. Inauma kama jino.

Jumapili, 22 Juni

Nimelala mpaka saa nne. Wifi Asha amekuja na wali na samaki wa ndagala, amenikuta mzima, amenitukana vizuri. Tumekula pamoja.

Jumanne, 24 Juni

Uzi mweusi umepatikana, vidonge viwili, kwa mtu wa Jabe ambaye haulizwi ametoa wapi. Nimefumua mishono yote ya bluu ya suruali za shule na kuirudia. Hakuna aliyeniomba.

Jioni nimesoma kadi zote tisa, mbele na nyuma, taratibu. Sikunakili. Nilifikiria kunakili, nikaona ni kama kumnyima mgeni chakula na kukificha uvunguni.

Jumamosi, 28 Juni

Wamekuja leo, watatu. Mzee Deo, mwenye Rohero, mwenye Buyenzi. Kanuni inasema mgawo hufanyika nyumbani kwa timu inayovunjwa, kwa hiyo safari hii wao ndio waliovuka mabariyeri. Nilikaanga maandazi na sambusa. Nilitandika kitambaa cheupe. Nilimwambia wifi Asha avae vizuri.

Kadi tisa mezani, kila mmoja achukue tatu, kwa zamu. Mgeni aliyetoka mbali zaidi ndiye aliyeanza. Mzee Deo alikaa mkono hewani muda mrefu. Halafu akasema yuko tayari kuniachia moja, nichague, na wenzake hawana kipingamizi.

Nikamwambia, "Règlement ni règlement, Muzee."

Alichukua Kiroboto. Nikamwambia amwangalie, hapendi kukaa kituo kimoja. Mwenye Rohero akachukua Ngoma Nzito. Mama Mkwe akaenda Buyenzi, pazuri, ni mtaa wa wakwe wengi. Shikamoo alibaki wa mwisho, na mwenye Buyenzi akalalamika kwamba kila mwaka yeye ndiye anayepewa makapi. Tulicheka wote. Nilicheka kweli.

Kila mmoja aligeuza kadi zake akasoma nyuma. Mwenye Rohero, ambaye simjui sana, alisema herufi za Hamisi zilikuwa kama zimechoka kusimama. Nikamwambia mwenyewe alikuwa vile vile. Waliondoka saa tisa.

Nimeosha vikombe. Nimekunja kitambaa. Meza ni tupu, ila vile vifuko viwili. Vifungo havimo kwenye kanuni, hakuna aliyeviuliza. Nimevimwaga, nimevirudisha kwenye kopo la vifungo vya makoti, na badala yake nimeweka kumi na viwili vya mashati, vya karatasi moja, kiwanda kimoja. Nimevijaribu kwa macho yamefumba nusu saa. Vidole havijui kitu.

Kisha nikakata katoni ya sabuni. Kadi tisa. Daftari linasema timu mpya inaruhusiwa wakati wowote, sharti ianzie ugenini. Nilimuuliza Mzee Deo hilo mlangoni, akiwa ameshavaa kofia. Akaangalia chini, akaangalia juu, akasema Jumamosi yuko nyumbani.

Hamisi hakuwahi kujiweka mwenyewe kwenye timu yake. Alisema mpishi hapakulii sahani yake kwanza. Nimechukua kadi ya kwanza. Juu nimeandika: Hamisi, mrushaji. Herufi zangu zimesimama wima, kama mimi. Nimeigeuza, nyuma ni nyeupe yote.

Nimeiweka juu ya nyingine nane. Mgeni huanza.